Wembe na Bibi Harusi

Programu ya Kinyozi ilikuwa na njaa. Ukimwacha askari wako peke yake kwenye ubao wa sataranji, hata umfiche nyuma ya farasi na ngome, itamwona, itamfuata na itamla. Mwenyewe, mwanafunzi mwenzetu na kinyozi kweli kwa kazi, aliipa jina Wembe, na kila alipoiwasha alikuwa anapuliza kioo cha kompyuta kama anavyopuliza nywele shingoni mwa mteja.

"Haya, nani anakuja kunyolewa leo?"

Tulikuwa darasa la jioni, watu wazima watupu, kila mtu na uchovu wake. Chumba chetu kilikuwa kirefu na chembamba, juu ya duka la vifaa vya umeme, kina feni mbili: moja ya kuzunguka na moja ya kutazama mwenzake akizunguka. Mwalimu wetu ni mama mrefu, sauti yake ya chini, na akitaka mnyamaze anashusha sauti zaidi mpaka mnyamaze ili mumsikie. Mwaka ule hakutaka mtihani wa karatasi. Alitaka kila mmoja atunge programu ya kucheza sataranji, kwa mkono wake, tangu mstari wa kwanza.

"Kwa nini sataranji?" tukamuuliza.

"Kwa sababu haina aibu. Programu yako ikiwa na ujinga, ubao utausema mbele ya watu."

Halafu akatuambia jambo ambalo lilinifanya nishike kalamu kwa nguvu. Jioni ya kufunga darasa, programu mbili bora zitapambana, na atakayeshinda atakuwa msaidizi wake, kufundisha wanafunzi wapya. Kazi yenye mshahara, inaanza mchana na kwisha jioni.

Mchana! Wenzangu walisikia mshahara, mimi nilisikia mchana. Wakati ule nilikuwa napiga pasi mashuka ya hoteli kwenye dobi kubwa, na zamu yetu ilianza kabla jua halijatoka. Mimi na mwenzangu tunalishika shuka pembe kwa pembe, tunalinyoosha, tunalitia kwenye ile pasi ya mvuke kubwa kama kitanda, linatoka upande wa pili moto na bapa. Kazi si mbaya, ila kila siku nilikuwa namwacha mwanangu Kibonge amelala, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda, na kila alipofumbua macho alimkuta bibi yake. Bibi yake ni mama mkwe wangu na sina la kumsema. Mtoto amejaa mashavu kwa ajili yake. Lakini nilitaka siku moja Kibonge afumbue macho, anione mimi. Hilo tu. Nililitaka mpaka nikawa naona haya kulisema.

Sasa, njia ya Kinyozi ilikuwa rahisi kueleza. Wembe alikuwa anaangalia mbele. Mimi nikienda hapa, wewe utakwenda pale, mimi tena hapa, wewe tena pale, hatua sita, kila njia, hata zile za kipuuzi. Mwisho wa kila njia anahesabu kete zilizobaki: malkia ana thamani yake, ngome yake, askari yake. Mwenye kete nyingi ndiye mwenye heri. Basi, zaidi ya hapo Wembe hakujua kitu. Alikuwa na macho ya mwewe, na akili ya mwewe pia.

Mimi nisingeweza kumfuata huko. Kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa kuukuu, mume wangu aliipata ofisi moja aliyokuwa anaipaka rangi, walikuwa wanaitupa. Ikifikiri hatua tatu inapata joto kama pasi. Ya nne inaanza kuguna. Kwa hiyo macho sikuwa nayo ya kuipa, na ikabidi niipe kitu kingine. Nikaanza kutoa alama kwa mkao. Farasi akikaa katikati ya ubao, namwongezea. Akikaa pembeni, nampunguzia, kwa sababu farasi wa pembeni ni kama meza iliyowekwa nyuma ya mlango: ipo, lakini nani ataitumia? Ngome kwenye njia iliyo wazi, alama. Askari wawili wanaolindana bega kwa bega, alama. Askari ambaye hana adui wa kumzuia mbele yake, alama, na kila anaposogea nyingine. Mfalme aliyejisitiri nyuma ya ukuta wa askari wake, huyo alama tele.

Mwalimu alipoiona akatikisa kichwa akitabasamu. "Darasa, njooni mwone. Hapa tuna nguvu za aina mbili. Kuna nguvu ya mapigo na kuna nguvu ya mkao. Kinyozi anajua kupiga. Mama Kibonge anajua kukaa."

"Mwalimu, kukaa hata wateja wangu wanajua," Kinyozi akasema. "Tatizo wakishakaa, nawanyoa."

Chumba kizima kikacheka. Akaja akainama juu ya kioo changu, bado ana vinywele vya watu kwenye ukosi wa shati. "Angalia ilivyotulia. Imejifunika, haigusi mtu, inasubiri kuletewa. Dada, huyu wako ni bibi harusi."

Nililipenda lile jina, nikaliandika juu kabisa ya programu yangu: Bibi Harusi. Kinyozi alipoona nimelichukua tusi lake nikalivaa kama kanga mpya, akarudi kwenye kiti chake akijikung'uta ukosi.

Nyumbani, wa kuijaribu alikuwa mume wangu, Baba Kibonge. Ni fundi rangi mzuri sana na mchezaji mbaya sana. Anarudi na madoa meupe kwenye viwiko, ananawa, anakaa mbele ya kompyuta kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi.

"Mke wangu, hii yako inakunywa chai. Mimi nimeiletea farasi wawili mlangoni, yenyewe inapanga viti."

"Wewe cheza tu."

Akacheza. Baada ya muda akavuta kiti karibu zaidi na kioo. Halafu, "Eh! Mbona sina pa kwenda?"

"Umefungiwa ndani."

"Nani kanifungia? Mimi sijaona mtu akifunga mlango!"

Hapo ndipo nilipojua nina kitu. Bibi Harusi alikuwa hampigi mtu. Alikuwa anakaa vizuri mpaka wewe mwenyewe unakosa pa kukaa.

Darasani programu zetu mbili ziliwaondoa wenzetu mmoja mmoja, kila moja kwa tabia yake. Wembe alimaliza mapema, damu kila mahali. Bibi Harusi alimaliza polepole, na walioshindwa walikuwa wanaangalia ubao bila kujua walikosea wapi. Tukabaki sisi wawili, na Mwalimu akasema tucheze mchezo wa kwanza, wa kupimana, kabla ya ile jioni yenyewe.

Tulianza vizuri kweli. Wembe alirukaruka kutafuta cha kula, hakupata. Kete kubwa zikabadilishana, malkia kwa malkia, ngome kwa ngome, hadi wakabaki wafalme na askari wao. Askari wangu walikuwa wamepangika vizuri kuliko wake. Nikasema moyoni, leo ni leo. Mfalme wa Wembe akatoka, akaanza kutembea kuelekea kwa askari wangu. Na mfalme wangu? Mfalme wangu alikuwa pembeni kabisa, chumbani kwake. Akasogea mraba mmoja kulia. Akarudi mraba mmoja kushoto. Wembe akala askari wa kwanza. Mfalme wangu akasogea kulia. Wembe akala wa pili.

"Mama Kibonge," Kinyozi akaniuliza kwa upole wa uongo, "mfalme wako ana homa?"

Walicheka mpaka Nesi, mwanafunzi mwenzetu anayetokaga hospitali moja kwa moja na sare yake, akafuta machozi. Hata mimi nilicheka. Kilikuwa kichekesho kweli. Lakini Mwalimu aliposhusha sauti, kicheko kikanikauka.

"Kinyozi ameshinda wa kwanza. Jioni ya kufunga ni mchezo mmoja tu. Ikiwa sare, kazi ni ya Kinyozi, kwa huu ushindi wa leo. Mama Kibonge, wewe sare haikusaidii. Lazima ushinde."

Nilifika nyumbani, nikaifungua programu na kusoma mistari yangu mwenyewe kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Nikaipata ile sehemu ya mfalme. Jamani! Alama nilizompa mfalme kwa kukaa ndani zilizidi za malkia kwa kazi yoyote ile. Akichungulia tu mlangoni, namkata. Akipoteza askari mmoja wa ukuta wake, namkata mara mbili. Na hakukuwa na mahali popote nilipoandika kwamba hatari ikiisha, anaweza kutoka. Nikajaribu kukumbuka niliandika lini. Ilikuwa ile wiki ambayo Kibonge alikuwa anaumwa kifua. Mistari ile ilikuwa imeandikwa na mama mwenye mtoto anayekohoa.

Kuijua kasoro si kuijua dawa. Nikipunguza alama za kujificha, Wembe anamkamata mfalme mapema, malkia wake bado yuko hai na njaa yake. Nikiziacha, mfalme anazeekea chumbani. Nilijaribu kuweka kama swichi: malkia wakiwepo ubaoni, mfalme akae ndani; wakiondoka, atoke nje. Ikawa balaa. Malkia wakitoka tu, mfalme anakurupuka mbio katikati ya ubao, na ngome za adui zinamngoja pale. Baba Kibonge, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akashinda. Alizunguka nyumba nzima akijisifu, na mimi sikuwa na hamu ya kumsikiliza.

Siku yetu ya mapumziko, mama mkwe wangu alikuwa amekaa sebuleni anakunja nguo, mimi niko sakafuni na Kibonge. Kibonge alikuwa ameshika kochi, magoti yanacheza, anaangalia upande wa pili wa chumba kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Akiachia mkono mmoja, mimi nimeshamdaka. Akiachia tena, nimemdaka tena.

"Mama Kibonge," mama mkwe akasema, "huyo si yai."

"Mama, hii sakafu ni ya saruji."

"Na baba yake alijifunzia wapi, kwenye godoro? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hebu kalia mikono yako."

Nikaikalia kweli, mkono mmoja chini ya kila paja. Kibonge akaachia kochi. Akatupa mguu mmoja, akatupa mwingine, akaongeza wa tatu ambao hata kwenye mpango wake haukuwemo, akaanguka kwa makalio. Akatuangalia sote, anaamua alie au acheke. Akacheka. Mimi ndiye niliyelia, kidogo.

"Unaona?" mama mkwe akasema huku akinyoosha mkono wa shati. "Akiwa mchanga unamfunika. Akikua unampunguzia nguo moja moja. Hakuna siku ya kumvua zote kwa mkupuo, na hakuna siku ya kumfunika milele."

Nikainuka mbio kwenda kwenye kompyuta.

"Huyu naye vipi?" nikamsikia akiuliza nyuma yangu.

"Ni ile mashine yake, Mama," Baba Kibonge akajibu. "Ikimwita, hata mimi naachwa na maneno mdomoni."

Moja moja! Niliondoa swichi. Nikaandika kwamba kila kete kubwa inapotoka kwenye ubao, alama za kujificha zinapungua kidogo na alama za kwenda katikati zinaongezeka kidogo. Malkia akitoka, mfalme anavua koti. Ngome zikitoka, anavua sweta. Wakibaki askari watupu, atoke nje akafanye kazi kama watu wengine.

Jioni ya kufunga, darasa lilijaa. Watu walikuja na waume zao, wake zao, na viti vya plastiki walivyoazima chini dukani. Mwalimu aliweka kompyuta mbili za darasa, sawa kwa sawa, na skrini kubwa ukutani ili kila mtu auone ubao. Kila programu ilipewa muda wake wa mchezo mzima, ukiisha umeshindwa. Kinyozi alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooka, na kwa mara ya kwanza ukosi wake haukuwa na nywele.

"Wembe wangu hafi kwa saa," alikuwa anawaelezea watu wa mstari wa mbele. "Anafikiri sana, kweli, anakula muda. Lakini nimemfundisha: muda ukibaki mdogo, punguza macho. Badala ya hatua sita, angalia mbili tu, cheza chapchap. Nimefikiria kila kitu!"

Bibi Harusi hakuwa na shida hiyo. Nilimlea kwenye kompyuta kuukuu, kwa hiyo hata kwenye mashine nzuri aliangalia hatua zake tatu, akajibu papo hapo.

Mama mkwe wangu alikaa kati yangu na Baba Kibonge, Kibonge amelala mapajani mwake. "Sisi ni wepi?" aliuliza.

"Weupe, Mama."

"Haya."

Mchezo ukaanza. Bibi Harusi akapanga nyumba yake taratibu: farasi katikati, ngome kwenye njia, mfalme ndani. Wembe akaleta vurugu. Malkia wake mweusi akazunguka ubao kama mtu anayetafuta funguo, na farasi wake akaruka mpaka kwenye pembe ya mbali upande wangu. Huko akampata askari ambaye hatua tatu za Bibi Harusi hazikutosha kumwokoa. Akamla.

"Weupe ndio sisi, si ndiyo?" mama mkwe akasema. "Mbona yule mweusi kamchukua mtoto wetu?"

"Ndiyo mchezo, Mama."

"Mchezo gani huo!"

Upande wa Kinyozi walipiga makofi. Mimi nilikuwa nakiangalia kile kipande cha ubao, yule farasi mweusi na shibe yake pale pembeni, na nikaanza kuona anachokiona Bibi Harusi. Farasi alikuwa nyuma ya mlango. Askari mmoja mweupe akasogea mraba mmoja. Askofu wangu akahamia upande. Hakuna aliyempiga mtu. Lakini njia za yule farasi za kurudi nyumbani zilikuwa zinazibwa, moja baada ya nyingine, na Wembe hakujali, kwa sababu katika hatua sita alizoziona hakuna mtu aliyekuwa anamla farasi wake bado.

Kisha akaona. Na hapo vikatokea vituko ambavyo nitawasimulia wajukuu. Wembe alipogundua kwamba farasi atakufa, akaanza kutoa sadaka. Akamtupa askari mbele ya malkia wangu, Bibi Harusi ikabidi amle kwanza. Akamtupa mwingine. Kila sadaka iliahirisha kifo cha farasi kwa hatua mbili, na kwa macho ya Wembe kifo kilichosogezwa nje ya hatua sita ni kifo kisichokuwepo.

"Anafanya nini huyu?" Nesi akauliza.

"Ana vyombo vichafu," Baba Kibonge akasema, "anavisukuma chini ya kitanda."

Watu wakaangua kicheko, na Kinyozi mwenyewe, kichwa mikononi, akacheka pia. Farasi akaliwa hata hivyo. Malkia wakabadilishana. Ngome moja ikatoka. Kete zilivyopungua, nikaona mfalme wangu akisogea mraba mmoja mbele. Mmoja tu. Kete nyingine ikatoka, akasogea tena. Hakukurupuka, hakurudi; alikuja polepole kama mtu anayetoka nje asubuhi na kusikilizia baridi. Mpaka kete nyeusi zilipobaki mfalme na kundi la askari, na mimi nimebaki na ngome moja, askari wawili na mfalme, alikuwa amesimama katikati kabisa ya ubao.

Nesi alipiga kigelegele. Kinyozi akaniangalia mimi, akauangalia ubao, akaniangalia tena. "Huyu si yule mwenye homa!"

Nilidhani nimeshinda. Kumbe!

Ngome yangu ikampa shaha mfalme mweusi, yaani ikatishia kumla. Akasogea. Ngome ikahamia upande wa pili, ikampa shaha tena. Akarudi pale alipokuwa. Ngome nayo ikarudi. Bibi Harusi alikuwa anajipenda. Mfalme yuko katikati, alama zote. Ngome hapa nzuri, na pale nzuri vilevile. Kwa nini ajisumbue? Nilimfundisha kukaa vizuri na kutoka nje, nikasahau kumfundisha kwamba siku moja lazima umalize kazi.

"Kwani kuna nini?" mama mkwe akaninong'oneza. "Mkono wako una barafu."

"Mama, ubao ukirudia sura ileile mara tatu, ni sare. Umesharudia mara mbili."

"Na sare ni ya nani?"

"Ya Kinyozi."

Alichukua mkono wangu akauweka chini ya mgongo wa Kibonge, penye joto.

Ngome ikatoa shaha. Zamu ya Wembe. Mfalme mweusi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, arudi palepale, ubao urudie mara ya tatu, Kinyozi apate kazi. Ya pili, amle askari wangu mmoja aliyesimama ubavuni pake, hana mlinzi. Mara mbili zilizopita Wembe alikuwa amemwona yule askari na kumwacha, kwa sababu macho yake ya mbali yalimwonyesha kwamba akimfuata huyo, atamwachia mwenzake wa upande wa pili njia nyeupe mpaka mwisho wa ubao, akawe malkia. Lakini Wembe alikuwa amekula muda wake jioni nzima, akichungulia kila njia ya kipuuzi. Kwenye skrini saa yake ikawa nyekundu.

Kinyozi aliiona kabla yetu. "Hapana," akasema. "Hapana, hapana! Wembe, rudi! Rudi tu!"

Hatua mbili, chapchap. Ndani ya hatua mbili kulikuwa na askari wa bure, na hakuna kingine duniani.

Wembe akala.

"Tamaa mbele, mauti nyuma!" mtu akapiga kelele nyuma yangu, na viti vya plastiki vikaanza kuanguka. Maana askari wangu wa pili, hana tena wa kumzuia, alikuwa na alama kwa kila hatua, na Bibi Harusi hakuhitaji macho ya mbali kuzitaka. Askari akasogea. Mfalme mweusi akageuka kumkimbilia, amechelewa. Akasogea tena. Watu wakaanza kumhesabia kwa makofi, kila mraba kofi moja, hata wa upande wa Kinyozi, mpaka alipofika mstari wa mwisho na kugeuka malkia. Chumba kikalipuka. Kibonge akashtuka usingizini, akaona watu wote wanapiga makofi, akapiga na yeye.

Haikuchukua muda baada ya hapo. Mfalme mweusi akasukumwa mpaka ukingoni, na mfalme wangu akatembea mwenyewe kwenda kumziba njia ya mwisho.

Kinyozi alisimama mbele yangu, mikono kiunoni. Nilimwonea huruma, najua alivyoitaka ile kazi. "Dada," akasema, "mimi ni kinyozi, na leo nimenyolewa bila maji." Akanipa mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Ule ujanja wa mfalme kutoka kidogo kidogo. Utanionyesha?"

"Na wewe utanionyesha jinsi Wembe anavyoona mbali?"

"Hata kesho."

"Ndivyo inavyotakiwa," Mwalimu akasema, akiwa ameshafika bila sisi kumsikia. "Mkao bila macho unaibiwa. Macho bila mkao yanaishia pembeni na yule farasi. Ziunganisheni hizi mbili, mtaniletea kitu ambacho mimi mwenyewe nitakiogopa."

"Basi tuwaozeshe!" Kinyozi akasema.

Mama mkwe wangu alimpima kuanzia viatu hadi ukosi. "Kwanza huyo bwana harusi wenu ajifunze kutokula kabla hajakaribishwa."

Mwalimu alicheka kwa sauti kubwa, kitu ambacho tulikuwa hatujawahi kukisikia. Halafu akaishusha sauti yake mpaka tukanyamaza sote, akaniambia darasa jipya linaanza wiki ijayo, mchana, na nifike mapema ili tupange viti.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuaga dobini niliamka wakati uleule wa zamu, kwa mazoea, nikakaa ukingoni mwa kitanda bila kujua mikono yangu niitume wapi. Baba Kibonge akageuka. "Lala, msaidizi wa mwalimu," akasema, akalala yeye. Nikaenda nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, kando ya kitanda cha mtoto. Mwanga uliingia taratibu, kwanza kwenye pazia, baadaye kwenye ule mkono ulioning'inia.

Kibonge akafumbua macho. Akaniangalia. Akaniangalia sana, kama mtu aliyekuta mgeni amekosea nyumba, kisha akainua kichwa na kutazama mlangoni.

"Bibi?" akaita.

Kule jikoni nikamsikia mama mkwe wangu akicheka mpaka sufuria ikamponyoka. Nami nilikuwa nacheka, nimeziba mdomo kwa shuka. Kibonge akaligeuza geuza jambo hilo kichwani mwake, akaamua kwamba mgeni huyu si mbaya, akateremsha mguu mmoja kitandani, akaninyooshea mikono.

"Mama," akasema. "Nje."